Binti yangu anakwenda Minnesota mwaka mzima kusoma sekondari. Waliowahi kwenda, naombeni ukweli wa maisha ya kila siku

MamaWaRau (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Binti yangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita na amepata nafasi kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi. Ni mwaka mmoja wa masomo Marekani: anakaa kwenye familia, anasoma sekondari ya serikali ya hapohapo walipo, halafu anarudi. Ufadhili ni kamili, sisi tumetoa hela ya pasipoti na nauli za kwenda Dar kwenye usaili wa viza, basi.

Wiki iliyopita tumeletewa jina la mji: Duluth, jimbo la Minnesota. Baba yake akafungua ramani, akavuta, akavuta tena, akaniuliza "hapa si ndiyo Kanada?" Yeye alikuwa ameshawatangazia wenzake kazini kwamba ni New York.

Familia yenyewe ni baba, mama, kijana wa miaka 13 na mbwa wawili. Tumeongea nao kwa video, ni watu wa kucheka. Yule mama alimuuliza mwanangu anapenda kula nini, huyu mtoto akajibu chochote tu. Chochote! Mtoto anayechagua mpaka maharage ya kwetu!

Sasa maswali yangu si ya viza, hayo tumeelekezwa vizuri. Nataka kujua siku ya kawaida. Anaamka saa ngapi, nani anamfulia, Jumapili anasali wapi, akiwa kwenye siku zake anamwambia nani. Nywele je? Na hiyo baridi watu wanayoisema inavumilika au ni ya kuua? Halafu binti mwenyewe ameshaandika kwenye daftari miji ya kutembelea, kurasa mbili, ana Los Angeles na Hawaii humo. Mimi namwambia unakwenda shule, huendi utalii, ananiona nimepitwa na wakati.

Babu yake Kibosho yeye amesema mtoto wa kike wa miaka 16 halali kwa watu asiowajua na mjadala ameufunga. Nani ana maneno ya kumpelekea yule mzee?

Mzee_wa_Kaloleni (Arusha)

Mama hongera, lakini mimi niko upande wa babu, na wala si kwa sababu ni mtoto wa kike. Kidato cha tano kinaanza Julai. Yeye anaondoka Agosti, anarudi Juni mwakani, wenzake wameshamaliza mwaka mzima wa PCB au HGL au chochote alichopangiwa. Mwaka wa huko haugeuki kuwa kidato cha tano hapa. Atarudi na Kiingereza cha puani na picha za theluji, aanze upya na wadogo zake. Mimi wangu ningemwambia amalize form six kwanza, Marekani haihami.

Manka_Kiborloni (Moshi)

Shikamoo mama. Nimesoma neno Duluth nikaacha wateja wasubiri. Ndiko nilikokaa mimi. Sasa hivi nina duka la vifaa vya shule na fotokopi pale karibu na stendi na nina mtoto wa chekechea, kwa hiyo haya mambo nayaona kwa jicho la aliyekwenda na la mama pia. Mzee wa Kaloleni nitamwachia walimu wamjibu.

Nianze na babu, maana bila yeye hakuna safari. Mwambie hivi. Hizi viza za J-1 za wanafunzi wa sekondari zina kanuni za serikali yao, siyo huruma ya mtu. Kila mtu mzima ndani ya ile nyumba, kuanzia miaka 18, anachunguzwa rekodi zake za uhalifu kabla mtoto hajapangwa hapo. Familia hailipwi kumkaribisha, wanajitolea. Mtoto lazima awe na kitanda chake mwenyewe. Kuna mwakilishi wa mpango ambaye hatakiwi kukaa zaidi ya maili 120 kutoka kwa mtoto, na ni lazima awasiliane naye na familia kila mwezi. Namba za dharura anapewa kwenye kadi. Na familia hubadilishwa ikishindikana. Mimi mwenyewe nilihamishwa baada ya Krismasi kwenda nyumba nyingine, hakuna aliyefukuzwa wala kulia, ni hali tu ya pale nyumbani ilibadilika. Huyo babu akitaka kujua zaidi aongee na yule baba wa Duluth kwa video, akutane na mwanaume mwenzake mwenye mvi. Babu yangu mimi alilainika alipojua jamaa ana trekta.

Sasa siku ya kawaida. Anaamka kama saa kumi na mbili, na kuanzia Novemba anaamka gizani kwa sababu Desemba jua la Duluth linatoka karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini. Ndiyo, kumi jioni. Anatoka shule, anageuka mara mbili, usiku. Hili ndilo lililonitesa kuliko baridi, na sijawahi kusikia mtu akiwaambia watoto kabla ya kuondoka. Mwezi wa pili hivi mtoto anakuwa mzito, hataki kuongea, ukipiga simu anajibu ndiyo, hapana, sawa. Usiwe na presha ukadhani anateswa. Mwambie atoke nje mchana hata kama kuna baridi, na ajiunge na mchezo wowote wa shule.

Kituo cha basi. Yale mabasi ya njano ni ya kweli. Likisimama linatoa kibao cha STOP pembeni kama mkono na magari ya pande zote mbili yanaganda mpaka mtoto avuke. Mara ya kwanza nilisimama ukingoni nasubiri magari yapungue, mtoto wa Moshi tena, nimezoea kukimbizana na bodaboda pale Mbuyuni. Dereva akanipigia honi, akanionyesha kwa mkono, vuka. Foleni nzima imenyamaza inanisubiri mimi na begi langu. Nilivuka kwa hatua za bibi harusi.

Shuleni mwalimu hahami, wanafunzi ndio wanaohama kila kipindi, mna dakika chache za kufika darasa jingine na njiani kuna kabati lako la chuma lenye kufuli la namba: kulia, kushoto, kulia. Afanye mazoezi ya lile kufuli siku ya kwanza, kuna watu wamechelewa vipindi wiki nzima kwa sababu yake. Hakuna kusimama mwalimu akiingia. Asubuhi wanasimama kuapa mbele ya bendera yao, mgeni anaweza kukaa kimya tu, hata Wamarekani wenyewe hawalazimishwi, Mahakama ya Juu yao ilishaamua tangu 1943. Mimi nilikuwa nasimama bila kutamka, kwa heshima ya nyumba ya watu.

Kuna kitu kimoja mwambie mapema ili asizimie: mazoezi ya kujifungia darasani kama kuna mtu mwenye silaha. Taa zinazimwa, mnakaa chini ukutani, kimya. Minnesota sheria inataka yafanyike mara tano kwa mwaka. Wenzangu walikuwa wanayachukulia kama kengele ya mapumziko, mimi nilitetemeka mpaka mwalimu akaja kukaa karibu yangu.

Masomo siyo magumu kama anavyoogopa. Hesabu atawapita wengi, nakuhakikishia. Kitakachomshughulisha ni kwamba maksi zinatoka kwenye kazi ndogondogo za kila siku, hakuna mtihani mmoja wa mwisho wa kukuokoa. Mtoto wa kwetu amezoea kulala halafu kukesha wiki ya mwisho. Huko ukilala Septemba, alama zinakusubiri Januari.

Chakula. Cha usiku kinaliwa saa kumi na moja na nusu jioni. Saa tatu usiku mtoto ana njaa na jiko limefungwa, ila friji haijafungwa. Hapo ndipo kuna somo kubwa kuliko yote na afadhali ajifunze akiwa Rau: aseme. "Nina njaa." "Sipendi hiki." "Nimechoka, naomba nikae peke yangu." Yule mama atamwamini akisema chochote, atampa chochote, na atafurahi kwamba amepata mgeni rahisi. Watu wa Minnesota wenyewe wanataniwa na majimbo mengine kwamba chakula wanakikataa mara mbili ndipo wakubali, kwa hiyo kidogo tunafanana nao, lakini asitegemee wamtafsirie ukimya wake. Sisi tunalelewa kwamba mtoto mwenye adabu haombi. Kule mtoto asiyeomba anaonekana ana huzuni au ana kiburi.

Kuna chakula chao kinaitwa hotdish, ni nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo na vipande vya viazi juu, kinaingia kwenye oveni. Atakila sana. Nyama ya kulungu pia, maana Novemba wanaume wanakwenda kuwinda na friza inajaa. Ugali nilisonga kwa unga wa njano, mahindi ya njano, ukaiva kama udongo wa Kiboriloni baada ya mvua. Yule kijana wa nyumbani akauchovya kwenye sharubati ya miti wanayowekea chapati zao, akasema ni mtamu. Niliangalia pembeni.

Shuleni chakula ni bure. Wakati wangu tulikuwa tunalipa, lakini tangu mwaka wa masomo 2023/24 shule za serikali za Minnesota zinatoa kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kwa kila mwanafunzi. Pedi pia, tangu Januari 2024 sheria inazitaka shule ziziweke bure kwa wasichana kuanzia darasa la nne. Kwa hiyo hilo la siku zake limeisha, na nyumbani amwambie yule mama wala asione haya.

Kufua anafua mwenyewe, mashine iko chini ya nyumba. Kazi za nyumbani zipo lakini ni za kuchekesha: kupanga vyombo kwenye mashine, kuzoa theluji mlangoni, kutembeza mbwa. Mbwa akijisaidia barabarani unaokota kwa mfuko wa plastiki, kwa mkono, kinyesi bado cha moto na nje nyuzi 15 chini ya sifuri. Nilimtumia mama picha. Alinijibu "hayo ndiyo masomo?"

Sala: kama ni KKKT kama sisi wengi, atajikuta nyumbani, Minnesota imejaa Walutheri, wajukuu wa watu wa Norway, Sweden na Ujerumani. Wenzetu wa Iringa wana undugu wa miaka mingi na sinodi ya Saint Paul, kwa hiyo asishangae mzee wa kanisa akimsalimia kwa Kiswahili cha Iringa. Nyimbo ni zilezile, ila wao hawachezi kabisa, wanasimama kama nguzo. Wakitoka ibadani saa tano asubuhi, majira ya baridi, kwako ni saa mbili usiku. Hiyo ndiyo saa ya simu. Kila siku usipige.

MamaWaRau (Moshi)

Marahaba mwanangu, na aika sana. Nimemsomea babu yake kwa simu ile sehemu ya kanuni. Amesema "huyo mwenye trekta yuko wapi". Nadhani tunakwenda vizuri.

Ila umeniruka kwenye safari na hela. Wanawapeleka wapi hawa watoto? Anaweza kufanya kazi kidogo apate za kutembelea? Na magari: binti ameniambia watoto wa huko wanaendesha wakiwa na miaka 16 na wanabebana. Hilo linaninyima usingizi. Nywele pia umenyamaza.

Manka_Kiborloni (Moshi)

Mama nilikuwa nafunga duka.

Gari: kweli, Minnesota leseni ya mwanzo wanapata kwa miaka 16. Mipango karibu yote inamkataza mwanafunzi mgeni kuendesha, akikamatwa nyuma ya usukani anarudishwa nyumbani. Kupakiwa na mwenzake ni suala la kumuuliza mama mwenyeji kila mara, na majira ya theluji mimi nilikuwa nasema hapana hata kabla ya kuuliza. Kazi: ajira hairuhusiwi, iwe ya kutwa au ya saa chache. Kinachoruhusiwa ni vibarua vya hapa na pale, kumwangalia mtoto wa jirani, kukwangua majani ya bustani. Nilipata hela ya viatu hivyo. Hawaii haifiki.

Daftari la kurasa mbili mwache nalo, ila mwambie ukweli. Hasafiri peke yake. Anasafiri na familia, na shule au na mpango, na safari yoyote ya mbali mpango lazima ukubali kwanza. Nje ya nchi ndiyo kabisa: Kanada iko juu tu hapo, mwendo wa saa chache kwa gari kando ya ziwa, na Mtanzania anahitaji viza ya Kanada pamoja na sahihi ya mpango kwenye ile fomu yake ya DS-2019, hati ya kuwa kwenye mpango. Familia yangu ya kwanza walikuwa na ndugu ng'ambo ya mpaka na tuliishia upande wa huku, tukala samaki wa kukaanga Grand Marais, tukageuza. Waliomba radhi njia nzima. Mimi nilikuwa nimeshiba, sikuona tatizo.

Na nikwambie kitu, mama. Safari iliyonibaki kichwani haikuwa mbali hata saa moja na nusu kutoka nyumbani.

Duluth imelala kwenye mteremko, chini yake Ziwa Superior. Kwa eneo ndilo ziwa kubwa kuliko yote duniani ya maji yasiyo na chumvi, na la pili ni letu, Victoria. Nililijua hilo darasani kule, nikanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza. Meli za madini ya chuma, nyingine zina urefu wa zaidi ya mita 300, zinapita chini ya daraja linalopandishwa juu zima zima, meli inapiga honi na daraja linaijibu. Ukiwa darasani unasikia.

Tarehe 10 Novemba 1975 meli moja ya namna hiyo, Edmund Fitzgerald, ilizama kwenye dhoruba na watu wote 29. Kila mwaka tarehe hiyo watu wanakwenda kwenye mnara wa taa wa Split Rock, uliojengwa 1910 juu ya mwamba baada ya dhoruba nyingine kubwa. Baba mwenyeji alinichukua, mimi nimejifunika kila kitu isipokuwa macho. Wanasoma majina yote, kwa kila jina kengele inagongwa, kisha ile taa kubwa inawashwa kuelekea ziwani. Hakuna hotuba ndefu. Kwenye gari wakati wa kurudi nilimwambia kwamba na sisi tunayo yetu, MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, na waliokufa ni mamia kwa mamia. Alipunguza mwendo. Akauliza meli ilikuwa ya kubeba nini, nikasema watu na ndizi. Akauliza ilijaa kiasi gani, tunawakumbuka vipi, makaburi yako wapi. Nilimweleza ninayoyajua, Igoma na yote, mengine nikampigia mama usiku kuuliza, maana mjomba wetu mmoja alikuwa anafanya kazi bandarini Mwanza mwaka ule. Yule mzee mpaka leo kila Mei ananiandikia ujumbe. Hii haimo kwenye daftari la mtoto yeyote anayekwenda Marekani.

Safari kubwa ilikuwa ya kwaya ya shule, Chicago, basi usiku kucha. Ajiunge na kwaya! Mtoto aliyeimba kwaya ya vijana ya usharika wowote wa Moshi atapokelewa kwa mikono miwili, sauti ya tatu anaisikia bila noti. Hotelini tulilala wanne chumba kimoja, na saa nne usiku walimu wanapita kubandika kipande cha gundi ya karatasi mlangoni kwa nje. Ukitoka usiku inakatika, asubuhi wanajua. Mwambie babu na hilo, atalipenda.

Nywele. Aende amesukwa, ndogondogo, na ajifunze kujisuka twende kilioni mwenyewe kabla ya Agosti. Duluth weusi ni wachache, saluni ya kumsuka asiitegemee, na hewa kavu ya ndani ya nyumba zenye hita inakata nywele. Mafuta mazito, kitambaa cha satini usiku. Wa kusuka wako Minneapolis, kilomita kama 250. Mama mwenyeji alinipeleka, na nilivyokuwa nasubiri zamu tukaingia Karmel, lile jengo la maduka ya Wasomali. Nikanunua sambusa. Muuzaji, mama mtu mzima, akanitazama nilivyokuwa namkazia macho yule aliyepanga foleni vibaya, akasema kwa Kiswahili safi cha Kenya, "wewe ni wa Tanzania, mmekuwa wapole bure." Aliishi Kenya kabla ya kuhamia huko. Alinipa ya tatu bure na pilipili yake kwenye kikopo.

Mwl_Njiro (Arusha)

Naomba niongeze kwenye hoja ya Mzee wa Kaloleni kwa sababu ni ya kweli nusu. Ni kweli mwaka wa huko haumwingizi mtoto kidato cha sita. Atakaporudi ataanza kidato cha tano, yaani anachelewa mwaka. Lakini cheti cha kidato cha nne hakiozi, na mwaka mmoja kwa mtoto wa miaka 16 si wa kuulilia.

Kinachowaumiza watu ni kukaa kimya. TAMISEMI wanampangia shule, anatakiwa kuripoti Julai, haripoti, mzazi hajaandika hata barua, akirudi nafasi imeshapewa mwingine. Mama, mara majina yakitoka nenda shule aliyopangiwa na barua ya mpango na nakala ya viza, zungumza na mkuu wa shule uso kwa uso, omba jibu la maandishi. Ikishindikana kuna shule binafsi za A-level zitakazompokea kwa matokeo yake, ila hapo panga ada mapema. Na akiwa huko achukue kemia na hesabu kama anataka sayansi, asijaze ratiba na upigaji picha na mapishi. Aje na nakala ya matokeo yake ikiwa imefungwa na muhuri wa shule.

Mzee_wa_Kaloleni (Arusha)

Mwalimu nimekusikia. Bado ningesubiri form six, ila wa kwangu hajachaguliwa popote kwa hiyo maneno yangu ni ya bure.

binti_wa_rau

Shikamooni wote. Mama ameniambia niandike mwenyewe. Dada Manka, shikamoo, nina maswali mawili. Zawadi tubebe nini, baba anataka kununua kinyago cha Mmakonde cha kilo sita. Na koti la baridi ninunue soko la mitumba la Memorial au nisubiri kule? Hawaii nimeifuta. Los Angeles nimeiacha kwanza.

Manka_Kiborloni (Moshi)

Marahaba mdogo wangu. Kinyago mwambie baba akiweke sebuleni. Begi lako lina kilo za kuhesabu na familia ina rafu ndogo. Beba khanga, mbili au tatu, na uzisome maandishi yake vizuri kabla hujampa mtu, mimi kuna mama nilimpa ya mafumbo akaivaa kanisani. Kahawa ya hapa Kilimanjaro, iliyokwisha kukaangwa, kwenye pakiti iliyofungwa. Watu wa Duluth wanakunywa kahawa kutwa, nyepesi kama chai ya msibani, utawafumbua macho. Usibebe ndizi, parachichi, mbegu, nyama kavu wala kitu chochote kibichi. Ukifika uwanjani, cha kula chochote ulichobeba ukitaje kwa watu wa forodha, hata pakiti moja, kutaja hakuna faini.

Koti: Memorial utapata zuri la kuvaa Septemba na Oktoba, na hilo linatosha kuanzia. La Januari usinunue huku. Mji mzima wa Duluth una makoti ya ziada kwenye makabati, familia itakuwa nalo la binamu fulani aliyekua. Kinachokosekana ni vya ndani. Hapa ndipo Moshi tuna bahati. Wagumu wa mlimani, wale wabeba mizigo wa Kilimanjaro, wanaachiwa na wageni nguo za ndani za joto, soksi nene za sufu, glavu, na wanaziuza. Zile za usiku wa kupanda kileleni Uhuru ndizo hasa utakazovaa kwenda kusubiri basi la shule. Chukua juu na chini, pea mbili. Viatu usinunue kabisa, hivi vyetu vya mlimani vinateleza kwenye barafu, huko kuna vya mpira chini na sufu ndani.

Mimi namfahamu mgumu mmoja anauza safi, hapandishi bei kwa sababu ni mtu wa usharika wetu. Jumamosi anapita dukani kwangu kabla ya saa sita. Njoo na mama. Na lete lile daftari, nina ramani ya Minnesota.

MamaWaRau (Moshi)

Jumamosi tunakuja. Baba yake naye anakuja, anauliza hao wagumu wana saizi kubwa, anataka soksi.